Mashahidi wa Neno Moja

Stanmere, Alhamisi, 14 Septemba 1648

Dada Tamsin,

Salamu nyingi kwako na kwa baba. Mimi mzima, ila mafua hayaniachi kwa sababu kitanda chetu tunalala wanne na mimi ndiye wa ukutani. Ninaandika haraka. Bwana Tobin mchukuzi ameshafunga farasi kwenye mkokoteni na anapiga kelele uani kwamba hamngojei mtu, hata mfalme mwenyewe, maana mfalme siku hizi ni mfungwa na hana safari.

Mwalimu Hathersage ametupa kazi. Kila mwanafunzi wa darasa la juu achague neno moja la Kiingereza, alitafute lilikotoka na aandike maana zake zote. Tarehe 18 Oktoba wafadhili wa shule watakuja na kila mmoja wetu atasoma kazi yake mbele yao. Unajua ninavyokuwa nikisimama mbele za watu. Nimeshaanza kukosa usingizi.

Wenzangu wamechagua mkate, upinde, mwezi. Mimi nimechagua nyumba ya michezo, pale waigizaji wanapopanda jukwaani. Usikasirike. Nimezaliwa nyuma ya ukuta wa nyumba hiyo, na tangu Bunge lizifunge zote miaka sita iliyopita nimekuwa nikiogopa kwamba neno lenyewe litakufa na hakuna atakayekuwa ameliandika.

Halafu nimegundua jambo. Mwalimu ana kitabu cha maneno kilichonakiliwa na watawa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Humo neno la Kilatini la mahali pa maonyesho limefasiriwa kwa Kiingereza cha kale, na watawa wameunganisha maneno mawili, mchezo na nyumba. Dada, watawa wale hawakuwahi kuiona hata moja! Nyumba ya kwanza ya London ilijengwa babu yetu akiwa mtoto. Neno lilikuwapo mamia ya miaka likingoja nyumba yake. Nilipomwambia Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kwa Mwalimu hizo ni sifa kubwa sana.

Kitabu peke yake hakitoshi, anasema. Tunatakiwa tuwe na mashahidi walio hai, na maneno ya shahidi yaandikwe kama alivyoyatamka, bila kuyapamba wala kuyapunguza. Mpaka sasa ninao watatu. Mjane Cobbe muuza mikate: "Ni mahali wanaume wanavaa magauni na wanawake wanavua aibu. Chukua mkate wako uende." Bwana Tobin: "Ni pale nilipoibiwa kofia nikicheka." Dorcas, binti wa Mwalimu, ana miaka minne, alinionyesha chini ya meza ya jikoni: "Ni hii hapa. Usiingie na viatu."

Ninamtaka baba awe shahidi wa nne. Najua ameacha, najua anashona glavu tu, na najua aliweka sahihi kwamba hatapanda jukwaani tena. Simwombi aigize. Ninaomba maana tu.

Mdogo wako,
Ambrose Lorkin

*

Clerkenwell, London, Jumapili, 17 Septemba 1648

Ambrose,

Maneno yote ya Kiingereza yamekwisha? Kikombe kina kosa gani? Ungechagua kikombe, ningekujazia kurasa kumi.

Mdogo wangu, wewe uko huko na vitabu, huijui hali ilivyo hapa. Sheria ya Februari inasema hivi: mwigizaji akikamatwa mara ya kwanza anachapwa viboko hadharani na kuweka sahihi. Mara ya pili anahesabiwa mhuni asiyerekebika na anafungwa kwa muda watakaopenda wao. Baba ameshakula viboko vya mara ya kwanza. Nilimpaka mafuta mgongoni mimi mwenyewe, wiki tatu. Mara ya pili haitakuja. Nimeapa.

Kwa hiyo nilitaka kukujibu kwamba baba hana la kusema. Kosa langu ni kuisoma barua yako kwa sauti mezani. Aliposikia habari za watawa alisimama na kijiko mkononi, akaniamuru nirudie mara mbili. Sasa ameninyang'anya kalamu. Atakachoandika, kisome kisha ukichome. Usikifiche, kichome.

Tamsin

*Mwanangu msomi! Mwambie mwalimu wako kwamba nyumba ya michezo si mbao wala kuta. Ng'oa viti, vunja paa, choma milango. Mweke mtu mmoja juu ya kitu kilichoinuka, anasema, na wengine chini wamenyamaza wanamsikiliza. Basi, nyumba imesimama. Watawa wako walilijua hilo bila kuiona. Na wala haijafa, wasikudanganye. Zamani tulipandisha bendera na kupiga tarumbeta mara tatu. Leo inatosha nguo moja nyekundu kutundikwa dirishani kwa mshona glavu fulani wa Clerkenwell, asubuhi ya siku yenyewe, na ikifika saa nane mchana watu mia mbili wameshaketi, hata pumzi huisikii. Mia mbili, Ambrose! Baba yako hajazeeka.*

Sasa umejua nisichotaka ujue. Ndiyo, ameanza tena. Nimelia, nimegomba, nimeficha viatu vyake. Choma.

T.

*

Stanmere, Alhamisi, 21 Septemba 1648

Dada,

Nimeichoma katika jiko la Mwalimu, nikasimama pale mpaka ikawa majivu. Kabla ya hapo niliisoma mara nyingi sana. Sikuwa na habari kwamba baba anaweza kuandika hivyo.

Mwombe aache. Mimi siwezi kumwambia, kwa sababu nilipokuwa nikisoma yale ya watu mia mbili moyo ulinienda mbio kwa furaha, na sasa ninajionea aibu. Mwambie wewe. Nani na nani wako pamoja naye? Hakuna wa kuwachongea?

Kazi yangu inaendelea vizuri. Mwalimu ameniuliza kama nitaweza kuisoma bila kutetemeka. Nimemjibu kwamba sijui.

Ambrose

*

Clerkenwell, Jumapili, 8 Oktoba 1648

Ambrose,

Soksi ni za kwako, mkate wa tangawizi ni wa kugawana na wale watatu wa kitandani.

Umeniuliza kama kuna wa kuwachongea. Nitakujibu mara hii tu, na hii nayo uichome. Unakumbuka karatasi za baba, zile ndefu za kukunja? Kila mwigizaji anapewa maneno yake tu, na juu ya kila jibu lake maneno mawili matatu ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue zamu yake ya kusema. Hakuna anayepewa mchezo mzima. Basi siku hizi wanaishi hivyohivyo. Wako watano, na wenzake baba wamehama nyumba zao za zamani. Kila mmoja anajua nyumba ya anayemfuata tu. Baba anajua kwa Wat Sorrel, Wat anajua kwa wa tatu, na kuendelea, mpaka kwa Gilbert Rudd, ambaye ndiye wa mwisho. Akikamatwa mmoja, hata akipigwa, ana jina la nyumba moja tu la kutoa.

Gilbert unamkumbuka, yule mwenye sauti kama pipa tupu. Alikubeba mabegani ulipokuwa mdogo. Baba hasemi kitu bila kumtaja: Gilbert angecheka, Gilbert angekataa.

Baba ana kazi kubwa ya glavu Jumatatu ya tarehe 23. Unanielewa. Ameniahidi ni ya mwisho kabla ya baridi. Ukiwa unasali, sali.

Na lile neno lako, usiniandikie tena kulihusu.

Tamsin

*

Stanmere, Jumatano, 18 Oktoba 1648, saa kumi jioni

Dada,

JUMATATU BABA ASITOKE. Usitundike nguo. Waambie wote.

Leo kulikuwa na wageni shuleni, na mmoja wao ni Kapteni Thurlby wa jeshi, ndugu wa mfadhili wetu. Nimemsikia akizungumza habari za nguo nyekundu katika dirisha la Clerkenwell. Anajua ni ya nini. Kesho alfajiri anaondoka kwa farasi kwenda London, na Ijumaa atakuwa ameshafika. Bwana Tobin naye anaondoka kesho, lakini kwa mkokoteni wake hawezi kufika kabla ya Jumamosi. Nimemwomba aende usiku na mchana, akaniuliza kama nimewahi kumvuta farasi mzee mlimani.

Sijui Kapteni amepata wapi habari. Nimesikia tu.

Nimesoma kazi yangu. Walipiga makofi. Usijali hilo.

Ambrose

*

Clerkenwell, Jumanne, 24 Oktoba 1648

Ambrose,

Baba amekamatwa.

Mvua ilimkwamisha Tobin siku mbili kwenye matope. Barua yako nimeipata jana Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nguo ilikuwa dirishani tangu alfajiri. Niliivuta nikaichana, lakini yeyote wa kuiona alikuwa ameshaiona na kwenda kuwaambia wengine.

Baba alisoma barua yako akiwa amesimama. Akavaa kofia, akakimbia kwa Wat. Wat akakimbia kwa wa tatu, wa tatu kwa wa nne. Wa nne akafika kwa Gilbert akakuta mlango umefungwa na hakuna mtu. Kila mmoja alikuwa amemngoja mwenzake njiani, basi habari ikarudi nyuma mpaka kwa baba, kwa njia ileile, maana hakukuwa na nyingine. Ilikuwa imeshafika saa saba na nusu.

Nikamwambia baba, "Mwache. Gilbert ni mtu mzima."

"Atafika akiwa peke yake, atawakuta askari," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi siendi kuigiza, Tamsin. Ninakwenda kusimama mlangoni nimrudishe Gilbert. Na wale watu, nani atawaambia waende makwao?"

Nilimshika koti. Alinitoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama ninavyomtoa paka kucha kwenye uzi.

Ninayokuandikia sasa nimeambiwa na mwanamke aliyekuwapo. Watu walikuwa wameshajaa. Baba aliwaambia mlangoni, hawakusikia. Aliwaambia katikati, wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka. Basi akapanda jukwaani. Akainua mkono, wakanyamaza wote, akaanza kusema, "Jamani, nendeni nyumbani." Askari, waliomfuata kutoka nyumbani, wakaingia hapohapo.

Alipojitetea kwamba haigizi, Kapteni wako alisema, "Mtu yuko juu ya kitu kilichoinuka, anasema, na wengine chini wamenyamaza wanamsikiliza. Wewe unapaitaje hapo?" Yule mwanamke anasema baba aligeuka mweupe kama chokaa, akanyoosha mikono afungwe.

Gilbert hakutokea. Watatu walipashwa habari wakabaki majumbani. Gilbert hakupashwa, na bado hakuja. Wat anauliza, na mimi ninauliza: nani alimwambia Gilbert Rudd asije?

Ambrose, umefanya ulichoweza. Ungekuwa umekaa kimya wangekamatwa watano. Baba anajua.

Tamsin

*

Stanmere, Alhamisi, 26 Oktoba 1648

Dada mpendwa,

Mwalimu ameniruhusu nisiingie darasani leo.

Kuhusu Bwana Rudd, mna hakika? Pengine ana sababu yake. Pengine Kapteni alipata habari kwa mtu mwingine kabisa, mtu asiyejua hata thamani ya alichokuwa anakisema. Mtu anaweza kusema jambo bila nia mbaya. Msifanye haraka, tafadhali.

Baba amesema nini? Ameuliza habari zangu?

Ambrose

*

Clerkenwell, Jumapili, 29 Oktoba 1648

Ambrose,

Moyo wako mwema nimeuona, lakini usinifundishe huruma. Wewe hukumwona baba akipitishwa barabarani, watoto wakimrushia maganda.

Gilbert tumemuuliza. Anasema Jumatatu asubuhi jino lilimzidi, akaenda kwa kinyozi ng'ambo ya mto kung'olewa, akatoka damu mpaka akazimia, akaletwa nyumbani jioni. Alituonyesha shavu. Lilikuwa limevimba kama ana yai mdomoni. Wat akamwambia, "Gilbert, mwaka wa thelathini na tisa nilikuona jukwaani ukifa kwa sumu mara kumi na nne, na kila mara nililia. Toa hicho kitambaa mdomoni." Gilbert alifungua mdomo wote, akakaa hivyo, machozi yanamtoka. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Maana sikiliza. Nani nje ya sisi alijua habari za nguo? Watazamaji wetu wanaujua mlango wa mahali pa mchezo, lakini wanapashana kwa minong'ono na hakuna anayejua ya mwenzake. Kapteni alijua rangi. Alijua dirisha la upande wa kisima. Watu wawili tu nje ya nyumba hii ndio wanaoitazama nguo upande wa kisima na kupeleka habari, Wat na Gilbert.

Mtaa umeshajua. Agnes, mke wa Gilbert, alikwenda sokoni Jumatano akarudi na matope mpaka ndani ya nywele. Mlango wao umepigwa mateke. Wanaye binti mwenye mimba ya miezi minane. Jumatatu ya tarehe 6 Novemba waigizaji wote wa zamani wa upande huu watakutana kwa Wat. Gilbert atatamkwa msaliti mbele yao, na baada ya hapo hakuna atakayempa kazi, wala kununua mapipa yake, wala kumsaidia kubeba jeneza. Atalazimika kuhama London na binti katika hali ile.

Na la ajabu ni baba. Nimemfikia juzi dirishani gerezani. Nikamwambia, "Ni Gilbert." Akageuka akatazama ukuta. Nikasema, "Baba, umesikia?" Akasema, "Nimesikia." Basi. Miaka thelathini ya urafiki. Nadhani hawezi kulibeba.

Wewe ameuliza habari zako. Ameuliza kama unakula.

Tamsin

*

Stanmere, Alhamisi, 2 Novemba 1648

Tamsin,

Barua hii naomba uisome Jumatatu kwa Wat Sorrel, mbele ya wote, kabla hawajasema lolote. Isome yote. Nimeiandika mara sita na kila mara nilijikuta nikijitetea, nikaichana. Hii haina utetezi.

Si Gilbert Rudd. Ni mimi.

Karatasi ya baba niliichoma kama nilivyokuambia. Lakini kabla ya kuichoma niliyanakili maneno yake yote katika daftari langu, kwa sababu alikuwa shahidi wa nne, na maneno ya shahidi hayapunguzwi. Niliondoa jina lake. Nilidhani jina ndiyo hatari. Yaliyobaki niliyaacha kama yalivyo, nguo, rangi, saa, Clerkenwell. Nilijivunia kwamba sijabadilisha hata neno moja.

Tarehe 18 nilisimama mbele ya wageni. Mstari wa kwanza nilitetemeka mpaka karatasi ikasikika. Nilipofika kwa Dorcas na viatu walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa kizuri, nikainua macho. Nilipofika kwa maneno ya baba ukumbi wote ulinyamaza. Dada, sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu. Nilisoma kwa sauti yake. Niliinua mkono kama anavyoinua.

Baadaye Kapteni Thurlby alinijia. Ana uso mpole. Akasema, "Umefanya kazi ya mtu mzima. Huyo shahidi wako wa nne anapendeza. Yu hai bado?"

Nikasema, "Yu hai, bwana."

"Na hiyo nguo hutundikwa dirisha lipi? La barabarani?"

Nikasema, "Hapana, bwana. La upande wa kisima, ili ionekane kutoka njia panda." Nilijua kwa sababu nimelala katika chumba hicho miaka kumi na miwili, na dirisha la barabarani halifunguki. Nilisahihisha kosa lake. Nilifurahi kwamba nimejua jibu.

Akaniomba nakala safi amsomee mkewe. Nikampa. Hakuniuliza jina la ukoo, hapa tunaitwa kwa jina moja tu. Alipokwenda kumwambia nduguye kwamba ataondoka alfajiri, nilikuwa nyuma yao nikikusanya vikombe, na hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikuandikia kwamba nimesikia. Ilikuwa kweli, na nilijificha ndani ya ukweli huo. Wiki iliyopita nilikuandikia nikimtetea mtu kwa mafumbo badala ya kusema jina langu. Mama Agnes alikuwa ameshamwagiwa matope siku moja kabla.

Bwana Rudd ameng'olewa jino. Mwamini. Aliyosema yote ni kweli.

Nimemwambia Mwalimu. Akasema kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutopunguza maneno na hakuwahi kunifundisha kuyanyamazia. Kosa hili si lako wala lake kulisamehe.

Ambrose Lorkin

*

Gerezani, London, Jumapili, 12 Novemba 1648

Ambrose mwanangu,

Mwandiko wangu uvumilie, vidole vimevimba kwa baridi. Tamsin angekuandikia vizuri zaidi, lakini nimemwambia barua hii ni yangu.

Yako aliisoma Jumatatu. Walikuwa watu kumi na mmoja, na Gilbert ameketi katikati, na Agnes kasimama mlangoni hajavua shali. Aliisoma mpaka sahihi. Wat akasema, "Rudia." Akarudia. Kisha wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana, kila mmoja akipita mbele ya Gilbert na kofia mkononi, na Gilbert hakumtazama hata mmoja. Wat alikwenda kumshika bega. Gilbert akasema, "Usiniguse, tafadhali," kwa upole kabisa. Ndivyo nilivyoambiwa.

Sasa sikiliza langu, na mimi sitajitetea.

Nilijua. Nilijua tangu jukwaani, Kapteni alipotamka maneno yangu. Jioni ileile aliniwekea karatasi mezani. Mwandiko wako ningeujua gizani. Akaniuliza, "Huyu kijana ana mkono mzuri. Ni wako?" Nikasema simjui. Ningekubali, wangekuleta mahakamani uape dhidi yangu, na hilo nisingeweza kulitazama. Mpaka hapo sijutii.

Lakini Tamsin alipokuja na jina la Gilbert, ningeweza kumnong'oneza, "Si yeye." Maneno mawili. Niliyanyamazia. Nilijiambia Gilbert ni mtu mzima na lawama ataibeba, na wewe ni mtoto na ingekuvunja. Kila asubuhi nilijiambia kesho nitasema. Wewe uliyenaswa kwa kuandika maneno mengi umesema kabla yangu mimi.

Hukumu ilitoka Ijumaa. Nitakaa humu mpaka Machi, na viboko siku ya kutoka. Sikukuandikia kwa ajili ya hilo.

Jana Gilbert alikuja. Alisimama nje ya dirisha kwenye mvua. Shavu limepungua.

"Barnaby, ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka siku ileile."

"Agnes aliporudi sokoni na matope kichwani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Ni mtoto, Gilbert."

"Sawa. Na mimi ni nani wako?"

Mvua ilikuwa inamwingia kwenye kola. Nilimuuliza anataka nimfanyie nini. Akasema, "Wewe, hakuna." Akaanza kuondoka, halafu akarudi.

"Yule kijana anakuja Krismasi?"

"Anakuja."

"Aje kwangu kwanza, kabla hajaja kwako. Aje na hilo daftari lake."

"La nini?"

"Anisomee. Yote, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na Agnes akiwa anasikiliza. Mtaa mzima umeniita msaliti kwa ajili ya karatasi ambayo sijapata kuisikia."

Nikamwambia una haya, huwezi kusema mbele za watu, sauti inakufa. Nilidhani ninakusaidia.

Akasema, "Mbele ya Kapteni ilikuwa hai."

Kwa hiyo utakwenda. Usingoje Tamsin akusindikize. Usianze na kuomba radhi, anza na watawa kama ulivyoandika, na usiruke chochote, hasa maneno yangu. Ni nyumba ya tatu baada ya karakana ya mapipa. Mlango una bawaba moja tu sasa, kwa hiyo usigonge kwa nguvu.

Baba yako,
Barnaby Lorkin